Nimenunua nguo mpaka kabati limejaa ili duka la mzee lisifungwe

Shikamoo Anti,

Pole na kazi. Mi ni mwanaume wa miaka 46, nina mke na watoto wawili na kazi ya ofisini ya kawaida tu. Naomba usichoke kusoma maana hili jambo nikilieleza kwa kifupi linaonekana la kijinga, hata mke wangu ndo alivyoniambia, "yaani mtu mzima unanyimwa usingizi na duka?"

Kuna duka la mavazi ya asili, yale ya kupimwa na kushonwa na kudariziwa kwa mkono, nimekua mteja wake miaka 22. Niliingia mara ya kwanza nikiwa kijana nataka kuoa na mfukoni sina kitu cha maana, mzee fundi akanipima kwanza ndo tukaongea hela, akasema utalipa taratibu, harusi haisubiri. Nikalipa miezi minne. Toka siku hiyo kila nguo yangu ya maana imetoka mle, ya harusi, za watoto wakiwa wadogo, za sikukuu, na ile niliyovaa siku tunamzika baba, ambayo mzee alikesha kuishona na asubuhi akakataa hela. Vipimo vyangu viko kwenye daftari lake ukurasa mmoja, hajawahi kunifungulia mwingine, anakata mstari anaandika juu, kiuno changu cha ujana kiko pale chini kabisa na juu yake kingine na kingine, ukiusoma ule ukurasa unaona mtu anavyonenepa.

Sasa miaka kama mitatu hivi duka limekauka. Anayetaka vazi la asili siku hizi anapata la kiwandani lenye darizi ya mashine kwa robo ya bei na anaondoka nalo saa hiyohiyo. Mafundi wawili waliokua wanamsaidia wakaondoka, mmoja baada ya mwingine, mzee akabaki na cherehani yake ya kukanyaga. Siku moja nikamkuta anahesabu hela ya pango mezani, kahesabu, karudia, karudia tena kama vile zitaongezeka. Sikusema kitu. Nikaagiza nguo, na sikua naihitaji.

Hapo ndo nilipoanza Anti. Ikawa kila mwezi. Baadae nikaona mtu mmoja nguo zote hizi mzee atashtuka, nikaanza kumwambia ni za wenzangu wa ofisini, nikawa nawatunga, nampa vipimo vya watu ambao hawapo duniani, mmoja mrefu mwembamba, mmoja mfupi mwenye kitambi, mmoja nikasema ana mabega mapana kama mlango. Mzee anaandika kila mtu ukurasa wake. Afu nikirudi ananiuliza, "yule wa mabega, lilimkaa?" Namwambia limemkaa vizuri mno, anakusalimia sana. Basi hapo mzee anafurahi, anaanza kunieleza alivyolikata.

Mpaka leo ziko 31. Zingine zilikua kwenye buti ya gari, wiki mbili zilizopita mke wangu alikua anatafuta spana akazikuta, akadhani nina mwanamke, lakini nguo zote za kiume tena saizi tofauti tofauti, akashindwa hata kujua anituhumu nini. Nikamwambia ukweli wote. Akanyamaza, afu akauliza hela imetoka wapi, ikabidi nimwambie kwamba nusu ya ule mkopo wa kuezekea nyumba ndo imeishia huko. Toka siku ile tunaongea habari za watoto tu.

Jumamosi iliyopita mzee akanikalisha chini. Ana miaka 74, macho yanamsumbua, akitaka kutunga uzi anavaa miwani mbili moja juu ya nyingine. Mkataba wa pango unaisha baada ya miezi 5 na mwenye jengo anapandisha kodi. Binti yake alishamwambia toka mwaka juzi ahamie kwake apumzike, akakataa, anasema wakati ule oda zilikua zimeanza kurudi. Watoto wake hakuna anayejua kushona. Akaniambia, "Wewe ndo umelishika hili duka mwanangu. Lichukue, utanilipa taratibu kama ulivyolipa ile ya harusi."

Anti nilitoka pale nikakaa kwenye gari nusu saa sijawasha. Nina akiba yangu ya uzeeni naweza kuitoa kiasi, nimefikiria mpaka kuacha kazi. Mi mwenyewe hata kushona kifungo sijui. Mke anasema nikiigusa ile akiba anaondoka, nadhani ni hasira tu lakini sina uhakika. Nikikataa, duka limefia mikononi mwangu, na mzee atajua kwamba hata mimi nimemkimbia. Nifanyeje?

Ni mimi,
Mteja

---

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka pale kwenye buti ya gari, nikamuona kabisa mkeo kashika nguo ya mtu mfupi mwenye kitambi anajiuliza huyu nae ni nani. Mara ya pili sikucheka, maana kuna maneno umeyapita mbio kama vile hayana uzito, nayo ndo barua yenyewe. Umesema mzee alikataa kwenda kupumzika kwa binti yake kwa sababu oda zilikua zimeanza kurudi.

Oda zipi?

Zako. Yule wa mabega, yule mrefu, yule mfupi. Mzee wa watu kasikia biashara imeamka, akapiga hesabu zake, akamwambia mtoto wake ngoja kwanza. Miaka miwili macho yanazidi kuchoka, anavaa miwani juu ya miwani, anamdarizia kola mtu ambaye hajazaliwa. Najua ulifanya kwa mapenzi na wala sikuiti mbaya, watu wengi wanaliacha duka life wakipita nje wanalipungia mkono, wewe angalau uliingia. Lakini ulimpa habari ya uongo kuhusu kazi yake mwenyewe na yeye akaamua uzee wake juu ya habari hiyo. Kwa hiyo kabla hatujaongea kuchukua duka au kuliacha, unadaiwa ukweli, na huo haulipwi taratibu.

Sasa tuje kwenye duka. Mwombe mzee daftari la mauzo, sio lile la vipimo, la hela. Kaa nalo, chukua miezi 12 iliyopita, kila penye nguo yako au ya hao watu wako wa kutunga piga mstari, kisha jumlisha kilichobaki, toa pango, toa uzi na vitambaa, toa umeme, na weka mshahara wa fundi hata kama mzee mwenyewe hajilipi, maana wewe utamlipa mtu. Namba utakayobaki nayo ndo duka unalopewa. Hilo unalolijua wewe, lenye oda zinarudi, lina mteja mmoja, na mteja huyo akishakua mwenye duka hakuna tena wa kununua.

Nahisi utakuta kitu kimoja mle ndani cha kukushangaza, kwamba kilichokua kinamlisha mzee kwa miaka hii sio nguo mpya, ni zile kazi ndogondogo, kupunguza, kurefusha, kutoa kiuno, kubadilisha bitana, kurudishia darizi iliyofumuka. Ukilikuta hilo usilipite, nitalirudia.

Kuhusu kuacha kazi, hapana. Kuhusu akiba ya uzeeni, hapana tena. Wewe mwenyewe umesema hata kifungo hushoni. Duka la nguo za kushona ambalo mwenyewe hashoni na fundi hana ni chumba chenye meza ndefu. Utaajiri kijana, kijana hatoweza kola ile, wateja watalalamika, utaanza kuleta za kiwandani "kwa muda tu" ili ulipe pango, na mwaka wa pili utakua unauza zilezile zilizomuua mzee, chini ya bango lake. Nimeona maduka ya hivyo, jina la zamani mlangoni na ndani hamna kitu.

Halafu hiyo "utanilipa taratibu" ni utu wa mzee na Mungu ambariki, lakini ni deni lisilo na karatasi. Hujui anadaiwa na nani vitambaa, hujui wateja wangapi walishaacha arbuni na nguo hazijashonwa, na hizo arbuni ukichukua duka zinakua zako. Majora yale kwenye shelfu mangapi ni ya rangi ambayo haitanunuliwa tena? Mkataba wa pango ni wa kwake yeye, haukurithishi wewe, na baada ya miezi 5 mwenye jengo ana haki ya kukutazama kama mgeni. Mzee anakupa moyo wake, sawa, ila mahesabu yanakuja nao.

Ila swali lako la kweli mwanangu nadhani sio nichukue au nisichukue. Ni kwamba kuna kitu unaogopa kisipotee, na hujakaa ukajiuliza ni kipi hasa. Maana watu wakisema kuokoa duka la zamani wanaokoa vitu tofauti. Lisbon pale Ureno manispaa ilianzisha mpango mwaka 2015, unaitwa Lojas com História, maduka yenye historia, wanayatambua maduka ya zamani na kuyapa msaada yasisombwe na kodi za majengo. San Francisco nao mwaka huohuo wakaanza rejista ya biashara zilizodumu miaka 30 na zaidi. Vizuri, na ukiwa na nafasi uliza manispaa yenu kama wana kitu cha namna hiyo, kuuliza hakugharimu. Lakini mipango hiyo inaokoa zaidi chumba na jina. Inafaa pale fundi yupo, wateja wapo, tatizo mwenye nyumba. Kwenu mwenye nyumba ni tatizo la mwisho.

Wajapani walienda njia nyingine. Wana sheria ya kulinda mali za utamaduni ya 1950, wakaifanyia marekebisho 1954, na kwa sheria hiyo serikali inamtambua mtu, mwenye ufundi mwenyewe, mfumaji au mtia rangi vitambaa, na inampa hela kila mwaka ili auendeleze ufundi wake na aufundishe. Akifa, utambuzi ule unaisha nae. Hakuna cha kurithi isipokua kile alichowahi kukiingiza kwenye mikono ya mtu mwingine. Hao walielewa kitu.

Kwa hiyo nakuuliza, wale mafundi wawili walioondoka wako wapi?

Umewataja kwa nusu sentensi ukaenda zako. Hao walikaa na mzee, walimuona anakata. Kushona cherehani mtu anajifunza miezi, kukata ndo kunachukua miaka, na kwa fundi wa zamani kukata hakuko kwenye karatasi, kuko kichwani. Anajua kitambaa hiki cha pamba kitarudi kikifuliwa kwa hiyo analoweka kwanza. Anajua mwelekeo wa nyuzi, ukikilaza kitambaa mshazari vazi litajinyonga mwilini baada ya kufuliwa mara kadhaa. Anajua aache ziada kiasi gani ndani ya mshono, na hii ndo siri ya ule ukurasa wako unaoupenda, umenenepa miaka 22 na zile nguo za zamani zilikua zinafunguliwa na kutolewa kwa sababu mtu alikuachia nafasi ya kunenepa tangu siku ya kwanza. Za kiwandani hazina hiyo, wanakata hadi mwisho kuokoa kitambaa. Haya ndo ya kuokoa. Chumba kitapatikana kingine, hata kidogo, hata uani kwa mtu.

Watafute hao mafundi. Inawezekana mmoja kachoka kushona mapazia huko aliko, na mwingine hataki kusikia, hiyo sawa. Ukimpata mmoja, mrithi wa duka ni huyo, sio wewe. Wewe nafasi yako ni nyingine. Ile hela uliyokua unatoa kila mwezi kununua nguo za watu wa kutunga, chukua sehemu yake tu, ile ambayo mkeo ameiona na ameikubali, umlipe mzee kwa saa za kufundisha. Saa za asubuhi, macho yakiwa na nguvu. Yeye anakaa anasema, mwenzie anakata. Mwombe akate ruwaza zake, yale maumbo ya kufuatisha wakati wa kukata, kwenye karatasi ngumu, saizi kwa saizi, aandike pembeni kila alichokua anakumbuka kichwani. Na akiridhia rekodi mikono yake kwa simu, weka simu juu ya meza itazame chini, ile kola toka sindano ya kwanza, hata kama inachukua siku tatu. Usimrekodi kwa kujificha, umeshamficha ya kutosha.

Na lile daftari la vipimo. Kabla halijaenda kwa mtu yeyote, kurasa za wale watu wako lazima zitoke, vinginevyo atakaelichukua atalifungua aone wateja, atajipa moyo, na uongo wako utaanza maisha ya pili na fundi mwingine.

Sasa kuhusu nguo 31, maana hapa nina neno. Umezivaa ngapi? Hukusema, na nimeona. Kuna nguo ya gome la mti kule Buganda, inatoka kwenye mti wa mutuba, wanabandua gome na kulipondaponda kwa nyundo za mbao mpaka linakua laini kama kitambaa, ni kazi ya mafundi wa ukoo wa Ngonge tangu enzi na enzi. Pamba ilipofika na misafara ya wafanyabiashara Waarabu karne ya 19 soko lake likadidimia. Lakini haikufa, UNESCO, shirika la utamaduni la Umoja wa Mataifa, ikaitangaza kuwa urithi mwaka 2005 na ikaingia kwenye orodha yao ya urithi 2008, na sababu ya kukuta bado kipo cha kutangaza ni kwamba watu walikua wanaendelea kuivaa, kwenye kutawazwa wafalme, kwenye misiba, kwenye mikusanyiko yao. Ilibaki na kazi. Zako zimekaa kwenye buti ya gari na spana.

Zitoe. Kwanza kama ziko kwenye mifuko ya plastiki zitoe humo, inafungia unyevu na koga itaanza kwenye mikunjo, na usiache pini ndani, zinashika kutu na doa la kutu halitoki kirahisi. Kisha zitafutie watu wenye miili. Unayo ofisi kweli, si ndio? Wapo humo warefu na wafupi wa kweli. Mwenye harusi mwezi ujao azima, mwenye shughuli azima, na kila atakaependa kubaki nayo aende kwa mzee akarekebishiwe mwenyewe kwa hela yake, hapo ndo ile kazi ya kupunguza na kurefusha niliyosema nitairudia inapoingia, vazi moja lililokwisha kushonwa linaleta mteja mmoja anaepimwa na kuingia daftarini kwa jina lake halisi. Sita wakienda ni wengi kuliko wote uliowatunga. Kitu kimoja tu usifanye, usiziuze kwa bei ya kutupa ili upate hela haraka, utakua umeshindana na duka ulilotaka kuliokoa, kwa nguo zake lenyewe.

Mkeo. Usinitajie "hasira tu" tena. Yeye hajaumizwa na nguo, kaumizwa na bati. Mkopo ulikua na jina, ukaubadilishia jina bila yeye, na nyumba haijaezekwa. Nenda kwake na karatasi za mkopo zote, salio, makato, unamalizaje, kabla hujarudi dukani. Mwambie akiba haiguswi na useme mbele ya watoto kama itabidi. Halafu ukienda kwa mzee mwombe muende wote, na akikataa usimlazimishe. Nina hisia mkeo nae alishawahi kupimwa na futi ile ile, hukusema nani alishona nguo yake ya harusi.

Na mzee anaweza kusikia ukweli wote huu akakwambia basi mwanangu, mimi nimechoka, nilikua nasubiri mtu aniambie naweza kufunga. Ukisikia hivyo usibishane nae na usilie mbele yake. Mtakua na miezi 5. Saidia kuwapigia wateja mmoja mmoja kwa lile daftari, waje wachukue nguo zao zilizosahaulika kwenye shelfu, wenye arbuni warudishiwe au washonewe, atakaetaka vipimo vyake anakili ukurasa wake. Majora mazuri yaende kwa fundi mtakaempata. Mzee aende kwa binti yake akiwa hadaiwi na mtu.

Jumamosi ukienda, usibebe maneno mengi. Vaa lile vazi la yule wa mabega mapana. Litakupwaya, mikono itafika kwenye vidole, mabega yatalala. Ingia nalo, simama pale mbele ya kioo anaposimamisha wateja, ukae kimya. Fundi wa miaka yote hiyo hahitaji kuambiwa. Atavaa miwani zake zote mbili, atalitambua, atakutazama kwa muda mrefu, na hapo ndo useme. Halafu akinyoosha mkono kuchukua chaki alipunguze, mwache alipunguze, na umlipe.